Kuikamata IgE Kabla Kifua Hakijabana

Kati ya mwaka 1981 na 1987, mji wa bandari wa Barcelona nchini Hispania ulipigwa mara 26 na milipuko ya pumu iliyowaacha madaktari wake midomo wazi. Asubuhi ilianza kama kawaida, kisha ndani ya saa chache vyumba vya dharura vilifurika watu wazima waliobanwa kifua, wengine wakishindwa hata kumaliza sentensi. Kesho yake, kimya. Watafiti, miongoni mwao Josep Antó na Jordi Sunyer, walilinganisha tarehe za milipuko na kumbukumbu za bandarini, wakakuta kwamba siku za pumu ndizo siku za kupakua soya. Ghala moja kubwa la nafaka halikuwa na vichujio, na kila shehena ilipomiminwa ndani yake, vumbi la maganda ya soya lilichukuliwa na upepo hadi mitaani.

Damu za wagonjwa zilithibitisha hilo. Karibu robo tatu ya walioshambuliwa siku hizo walikuwa na kingamwili aina ya IgE dhidi ya soya. Kwa wagonjwa wengine wa pumu, ambao mashambulio yao hayakuhusiana na milipuko, aliyekuwa nayo hakufikia hata mmoja kati ya ishirini. Vichujio vilipofungwa ghalani, milipuko ikakoma.

Ushindi huo ulipatikana mwanzoni kabisa mwa safari ya ugonjwa: kichochezi kilizuiwa kabla ya kuvutwa puani. Lakini utitiri unaoishi kwenye magodoro, mende wa jikoni, chavua na ukungu wa ukutani havina ghala moja la kufungiwa vichujio. Basi watafiti wakauliza kama ugonjwa unaweza kukatizwa katikati ya safari, kwa kuizima IgE yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa jibu limejulikana: inawezekana. Kinachohitaji kupimwa ni nani anafaidika, kwa kiasi gani, kwa gharama ipi, na dawa hiyo ina nafasi gani katika nchi ambako wagonjwa wengi bado hawajapewa hata pampu sahihi ya kila siku.

Kinachotokea kifuani

IgE ni chache mno katika damu. Haifikii sehemu moja kwa elfu kumi ya kingamwili zote. Nguvu yake inatokana na mahali inapokaa. Hung'ang'ania vipokezi vilivyo juu ya seli za masti, na seli hizo zimetapakaa ngozini, puani na kandokando ya mirija ya hewa. Ikiwa inaelea katika damu, nusu yake hutoweka kwa siku mbili hivi. Ikishajishikiza kwenye seli ya masti, hukaa kwa wiki kadhaa kama mtego uliotegwa njiani.

Mtu mwenye mzio wa utitiri akivuta vumbi lake, protini za mdudu huyo hunasa molekuli mbili au zaidi za IgE kwa pamoja. Hapo seli ya masti hufyatuka na kumwaga histamini, lukotrini na kemikali nyingine. Misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza, utando wa ndani huvimba, ute huongezeka. Yote hayo hufikia kilele ndani ya dakika 15 hadi 30.

Kwa wagonjwa wengi mambo hayaishii hapo. Kati ya saa 3 na 8 baadaye huja wimbi la pili, lenye seli za eosinofili na uvimbe unaodumu. Ndiyo maana mtu aliyekung'uta godoro alasiri anaweza kuamka usiku wa manane akikohoa na kifua kikitoa mlio kama wa filimbi. Pampu ya salbutamol hulegeza misuli iliyokaza, lakini uvimbe inauacha palepale.

Kutoka mkono wa daktari hadi maabara

Ilichukua karibu nusu karne kuipata IgE. Mwaka 1921, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław, Poland, daktari Carl Prausnitz alijidunga ngozini majimaji ya damu ya mwenzake Heinz Küstner, aliyekuwa na mzio mkali wa samaki. Kesho yake alidunga dondoo ya samaki mahali palepale, na ngozi yake, ambayo haikuwahi kudhurika kwa samaki, ikavimba na kuwasha. Kumbe kulikuwa na kitu katika damu kinachoweza kuhamisha mzio kutoka mtu hadi mtu. Kitu hicho hakikuwa na jina.

Jina lilikuja baada ya makundi mawili kukifikia kwa njia tofauti katika miaka ya 1966 na 1967. Huko Denver, Marekani, mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliitenga kingamwili hiyo kutoka damu za watu wenye mzio wa chavua. Huko Uppsala, Uswidi, S. G. O. Johansson na Hans Bennich waliikuta kwa wingi usio wa kawaida katika damu ya mgonjwa wa saratani ya seli za uboho. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipa rasmi jina la IgE.

Kuitambua kulifungua mlango wa kufikiria namna ya kuizuia, na hapo palikuwa na hatari kubwa. Kingamwili ya kawaida inayoshika IgE ingeweza pia kuishika ile iliyokwisha kukaa juu ya seli za masti, ikaziunganisha molekuli zake, na kuzusha shambulio lilelile lililokusudiwa kuzuiwa. Ilihitajika kingamwili inayoshika sehemu ileile ya IgE inayotumika kujishikiza kwenye seli. Sehemu hiyo ikiwa tayari imeshikwa na seli, dawa haina pa kushika. Ikiwa huru katika damu, dawa huiwahi. Wazo hilo lilifanyiwa kazi na kampuni ndogo ya Tanox mjini Houston, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Nancy Chang na Tse Wen Chang, pamoja na kampuni za Genentech na Novartis. Dawa iliyozaliwa inaitwa omalizumabu, na sokoni inajulikana kwa jina la Xolair.

Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba wazo hilo linafanya kazi ndani ya mapafu ya binadamu. Wagonjwa wa pumu walivutishwa kichochezi chao kwa kipimo maalumu, kabla na baada ya kutibiwa kwa wiki kadhaa. Katika jaribio lililoongozwa na John Fahy wa San Francisco, kabla ya tiba uwezo wa kutoa pumzi ulishuka kwa takriban asilimia 30 katika wimbi la kwanza; baada ya tiba ulishuka kwa karibu asilimia 19. Katika wimbi la pili ulishuka kwa asilimia 24 kabla ya tiba, na kwa asilimia 9 tu baada yake. Waliopewa sindano isiyo na dawa hawakupata nafuu ya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza ilithibitika kwamba kuiondoa IgE hupunguza mawimbi yote mawili, na la pili hata zaidi ya la kwanza.

Takwimu zinasema nini

Kumzuia mtu asibanwe maabarani ni jambo moja, kumlinda katika maisha ya kila siku ni jingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na William Busse na wenzake, wagonjwa 525 waliokuwa wakivuta steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, walipewa omalizumabu au sindano isiyo na dawa, kisha steroidi ikapunguzwa polepole. Kati ya kila 100 waliopata dawa, karibu 40 waliweza kuacha steroidi kabisa, dhidi ya 19 katika kundi la pili. Juni 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha omalizumabu kwa pumu ya mzio ya wastani hadi kali, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Ulaya iliidhinisha mwaka 2005.

Utafiti unaoeleza mengi zaidi ulichapishwa mwaka 2011, na ulifanyika katika mitaa ya watu maskini ya miji mikubwa ya Marekani. Watoto na vijana 419, wenye miaka 6 hadi 20, walifuatiliwa kwa wiki 60. Mazingira yao yangetambulika na mkazi yeyote wa uswahilini: nyumba za msongamano, mende wasiokwisha, vumbi, moshi. Katika kundi lisilopata dawa, asilimia 48.8 walipatwa angalau mara moja na shambulio la kuhitaji dawa kali au hospitali. Kwa waliopata omalizumabu, ilikuwa asilimia 30.3. Waliofaidika zaidi ni wale wenye mzio wa mende ambao majumbani mwao mende walikuwa wengi.

Jambo moja katika matokeo hayo halikutarajiwa. Kila mwaka, shule za Marekani zinapofunguliwa mwisho wa kiangazi, watoto huambukizana mafua na wimbi la mashambulio ya pumu hupanda. Kwa watoto waliotibiwa, wimbi hilo karibu lilitoweka, ingawa mafua husababishwa na virusi na si vumbi wala mende. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2015, ulitoa maelezo: IgE iliyojaa kwenye baadhi ya seli za kinga huzidhoofisha zisitoe vya kutosha interferoni, kemikali ambayo mwili hutumia kupambana na virusi. IgE ikipungua, sehemu ya nguvu hiyo hurudi. Kwa hiyo mzio na mafua, ambavyo wazazi wengi huvihesabu kuwa visababishi viwili vya pumu visivyojuana, kumbe husaidiana kumwangusha mtoto.

Mipaka ya dawa

Hata hivyo, omalizumabu si dawa ya kila mwenye pumu. Haina kazi katika shambulio lililokwisha kuanza, kwa sababu haiwezi kuing'oa IgE iliyo tayari juu ya seli. Inaondoa ile inayoelea, kisha taratibu seli za masti hupunguza hata vipokezi vyao. Safari hiyo ni ya wiki nyingi, na madaktari husubiri hadi wiki 16 kabla ya kuamua kama inamfaa mgonjwa. Pia pumu isiyotokana na mzio ina njia nyingine za kuwaka, na kwa wagonjwa hao zimetengenezwa dawa zinazolenga ishara nyingine za kinga, kama mepolizumabu iliyoidhinishwa mwaka 2015 na tezepelumabu ya mwaka 2021.

Dozi hupangwa kwa uzito wa mwili na kiwango cha IgE katika damu, nayo ni sindano ya chini ya ngozi kila wiki 2 au 4. Kwa mgonjwa 1 au 2 kati ya kila 1,000, dawa yenyewe imezusha mzio mkali wa mwili mzima, na tangu mwaka 2007 FDA imeiwekea onyo kali juu ya hatari hiyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hubaki kliniki kwa muda baada ya sindano za mwanzo. Tena si tiba ya kumaliza ugonjwa. Watu waliokuwa wameitumia kwa takriban miaka mitano walipogawanywa, baadhi wakaendelea na baadhi wakaacha, mwaka mmoja baadaye 67 kati ya kila 100 walioendelea hawakuwa wamepata shambulio, dhidi ya 48 kati ya walioacha.

Majaribio ya kuipita omalizumabu kwa njia hiyohiyo yametoa somo la unyenyekevu. Ligelizumabu hushika IgE kwa nguvu zaidi, lakini katika majaribio makubwa kwa wagonjwa wa vipele vya muda mrefu haikuishinda dawa ya zamani. Kwilizumabu ililenga seli zinazotengeneza IgE; ikapunguza kiwango chake katika damu, ila mashambulio ya pumu hayakupungua kwa kiasi cha kuridhisha.

Njia nyingine inaahidi zaidi, na mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1911 Leonard Noon, katika hospitali ya St Mary's mjini London, alianza kuwadunga wagonjwa dondoo ya chavua kidogokidogo ili mwili uizoee. Leo inajulikana kwamba tiba hiyo huufanya mwili utengeneze kingamwili nyingine, hasa aina ya IgG4, zinazokikamata kichochezi kabla hakijaifikia IgE. Watafiti wameanza kutengeneza kingamwili kama hizo maabarani na kuwapa wagonjwa moja kwa moja. Mjini Strasbourg, Ufaransa, watu wenye pumu na mzio wa paka waliingizwa katika chumba maalumu chenye vumbi la paka. Waliopewa dozi moja ya kingamwili dhidi ya protini kuu ya paka waliweza kukaa humo muda mrefu zaidi kabla ya kubanwa, na kinga hiyo ilidumu kwa takriban miezi mitatu. Udhaifu wake ni kwamba kila kichochezi kinahitaji kingamwili zake, wakati omalizumabu hukamata IgE yoyote, iwe ya paka, ya mende au ya utitiri.

Vipi kuhusu minyoo?

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza swali ambalo halina uzito Stockholm wala Boston. IgE haikuumbwa kwa ajili ya mzio. Huongezeka sana mtu anapokuwa na minyoo, na inaaminika kuwa sehemu ya silaha za mwili dhidi yake. Je, kuizima hakutafungulia minyoo mlango?

Brazil imelijibu kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2007. Watu 137 wenye mzio, wanaoishi katika mazingira yenye minyoo mingi, walipewa kwanza dawa za minyoo, kisha omalizumabu au sindano isiyo na dawa. Katika mwaka uliofuata, asilimia 50 ya waliopata omalizumabu waliambukizwa minyoo angalau mara moja, dhidi ya asilimia 41 ya wengine. Maambukizi hayakuwa makali zaidi, na dawa za kawaida za minyoo ziliendelea kuyatibu. Hatari ipo, ni ndogo, na inadhibitika kwa kupima na kutibu minyoo mapema.

Ugumu mwingine ni wa dozi. Jedwali la Ulaya la kupanga dozi linaishia kwenye IgE ya vipimo 1,500, la Marekani kwa watu wazima wenye pumu linaishia 700. Mtu aliyekulia penye minyoo anaweza kuvuka viwango hivyo bila hata kuwa na pumu, hivyo kwake jedwali haliongozi vizuri. Na uhusiano wa minyoo na mzio wenyewe bado una mafumbo. Huko Entebbe, Uganda, utafiti wa akina mama 2,500 na watoto wao ulikuta kwamba watoto ambao mama zao walipewa dawa za minyoo wakati wa ujauzito walipata ukurutu wa ngozi zaidi katika utoto wao. Hakuna anayependekeza minyoo iachwe. Lakini mafumbo hayo, pamoja na IgE iliyo juu kwa sababu ya minyoo, yanaonyesha kwamba jedwali lililotungwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani linahitaji kupimwa upya hapa.

Pumu yetu na vipaumbele vyetu

Pumu si ugonjwa wa mbali. WHO inakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani waliishi nayo na 455,000 walikufa kwa ajili yake, wengi wa marehemu wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Mjini Nairobi, utafiti wa mwaka 1998 uliwakimbiza watoto wa shule kisha ukawapima pumzi: takriban asilimia 23 ya watoto wa mjini walibanwa, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao wa vijijini Murang'a. Katika wilaya ya Wakiso, Uganda, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta hatari ya pumu ikiwa kubwa zaidi kwa watoto waliozaliwa mjini. Nchini Tanzania, watafiti wa huko na wa Norway waliripoti mwaka 2008 kwamba wafanyakazi wengi wa viwanda vya mkonge wana IgE dhidi ya mkonge wenyewe. Kwa wafanyakazi hao funzo la Barcelona linafaa neno kwa neno: kupunguza vumbi kiwandani kutawalinda wengi kuliko sindano yoyote.

Omalizumabu kwa mgonjwa mmoja hugharimu maelfu ya dola kwa mwaka, na kwa familia nyingi za eneo hili hilo linafunga mazungumzo. Bei inaweza kushuka. Dawa ya kwanza inayofanana nayo, kutoka kampuni ya Celltrion ya Korea Kusini, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025. Ni busara kwa hospitali za rufaa kujiandaa: kujua ni wagonjwa gani wanashambuliwa mara kwa mara licha ya kutumia steroidi ipasavyo, na kuwa na vipimo vya mzio vya kuaminika. Wagonjwa hao ni wachache, lakini ndio wanaolazwa tena na tena, na ndio wanaomeza vidonge vya steroidi mpaka mifupa na sukari ya damu vinaharibika. Kwao dawa hii ni haki, haifai kuhesabiwa anasa.

Kwa walio wengi, kinachokosekana ni cha chini zaidi. Steroidi ya kuvuta, kama budesonidi, hutuliza uvimbe ambao IgE huuwasha, imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, na inafaa kwa pumu ya mzio na isiyo ya mzio. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake, kwa sababu anayeitegemea hiyo tu hupata nafuu ya dakika huku uvimbe ukiendelea. Bado wagonjwa wengi hununua pampu ya bluu ya salbutamol pekee, au huikimbia pampu kabisa kwa kuamini kwamba ukiianza hutaiacha. Imani hiyo inaua. Mwenye pumu hajifungi kwenye pampu. Ni ugonjwa usiotibiwa unaomfunga.

Serikali zihakikishe kwanza kwamba pampu ya steroidi ipo katika kila kituo cha afya kwa bei inayolipika au kwa bima, kisha zifungue njia ya dawa za kuzuia IgE kwa wale ambao pampu hiyo haiwatoshi. Na wewe unayeamka usiku kwa kukosa pumzi, au unayetumia pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, nenda kliniki umuulize daktari kuhusu steroidi ya kuvuta.